UZI: Nimemtafutia mume wangu babu zake kwenye kijiji cha Norfolk kinacholiwa na bahari

BiMuheza wa Norfolk · #1

Wakuu, habari zenu. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu, leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mimi ni mtu wa Muheza, nimeolewa Norwich, mashariki ya Uingereza, huu mwaka wa kumi na mbili. Mwaka juzi kijana wangu mkubwa alirudi shule na kazi ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu tulimaliza jioni ile ile. Nilimpigia simu shangazi, naye huku anachambua mchele akamwaga majina vizazi sita bila kukohoa, na nani aligombana na nani kwa ajili ya mnazi gani. Upande wa baba yake, kimya. Mume wangu anamjua babu yake, na anajua kwamba baba wa babu "alikuwa na mambo ya samaki". Basi! Watu wenye makaratasi ya kila kitu, hata mbwa ana cheti.

Nikamwendea mama mkwe, ana miaka 81. Akacheka, akapanda ngazi polepole, akashuka na kopo la biskuti lenye kutu. Ndani mlikuwa na Biblia ya familia, picha tatu za watu walionuna, na kipande cha karatasi chenye maelezo ya kutia vitunguu kwenye siki. Kwenye jalada la Biblia yameandikwa majina manne na jina la kijiji: Happisburgh.

Sasa hapo ndipo nilipoaibika mara ya kwanza. Nikalisoma kama lilivyoandikwa, "Hapisibagi". Mume wangu akaanguka kicheko. Linatamkwa "Hezbra". Nikauliza herufi nyingine zinafanya nini humo, zimepanga? Kumbe Norfolk ndivyo ilivyo. Wymondham ni "Windam". Costessey ni "Kosi". Lishikeni hilo, mbele litatufaa.

Happisburgh ni kijiji cha pwani, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwangu. Kina kanisa la Mtakatifu Maria lenye mnara wa mita 33 hivi, na mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe uliojengwa 1790. Kimo kwenye kitabu cha hesabu ya mali za nchi alichoagiza mfalme William mwaka 1086. Kinakaa juu ya genge la udongo na mchanga, hakuna jiwe, na bahari ya Kaskazini inalimega genge hilo kila masika ya kwao. Barabara inayoitwa Beach Road ilikuwa na nyumba pande zote. Siku hizi inaishia hewani.

Nitaendelea jioni, watoto wanataka kula.

Mgosi Mstaafu · #2

Nimeweka kigoda hapa. Mtu wa Muheza hajawahi kuleta uzi mbovu.

Chungu Tatu · #3

Samahani mleta uzi, niulize bila nia mbaya. Hawa walikuja kwetu wakatuandika majina wanavyotaka, leo sisi ndio tunawatafutia babu zao bure? Wakikupa urithi utatuambia.

BiMuheza wa Norfolk · #4

@Chungu Tatu swali lako halali kabisa, mdogo wangu wa kiume aliniuliza hilo hilo kwa maneno makali zaidi. Jibu langu fupi: hao babu ni wa watoto wangu. Jibu langu refu utaliona ukiendelea kusoma, maana niliowakuta kule hawakuwa mabwana wa kumtawala yeyote. Walikuwa vibarua.

Tuendelee. Kwa wasiojua, kazi hii kule inaendaje:

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na kitabu cha kuandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Parokia kule haikuwa kanisa tu, ilikuwa kama serikali ya kijiji: barabara, maskini, watoto wasio na baba, wote mzigo wa parokia. Vitabu vilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na vingi vimefika hadi leo. Vya Norfolk vimehifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa hapa Norwich, na picha zake nyingi zimewekwa mtandaoni. Kuanzia tarehe 1 Julai 1837 serikali yenyewe ikaanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo nchi nzima.

Kisha kuna sensa kila miaka kumi. Ya 1841 ni ya kuudhi: mtu akizidi miaka 15, umri wake unashushwa mpaka tano ya chini, hivyo mwenye 39 anaandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa wanauliza tu kama ni mkoa huu au la. Ya 1851 ndiyo tamu, inasema mtu ni nani kwa mwenye nyumba na kazaliwa parokia gani. Ya 1921 ilifunguliwa 2022. Ya 1931 iliungua moto wote mwaka 1942, na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita. Kwa hiyo tukitaka sensa nyingine tusubiri 2052. Mwenye uhai atasoma.

Mimi nilianza na ya 1921 nikarudi nyuma, hatua kwa hatua, cheti kwa sensa, sensa kwa cheti. Ilikwenda kama maji ya mfereji. Nikafika 1851: mzee wa miaka 52, kazi yake kibarua wa shambani, kazaliwa Happisburgh. Mkewe mahali pa kazi pameachwa wazi, ingawa alikuwa na watoto saba ndani na najua nani alikuwa anaokota mawe shambani. Zaburi na haleluya, nikasema, sasa nafungua tu kitabu cha ubatizo cha Happisburgh mnamo 1799, namkuta.

Hayupo.

Nikatafuta 1795 hadi 1805. Hayupo. Nikaenda parokia za jirani, Walcott, Lessingham, Hempstead, Sea Palling. Hakuna hata mtu mmoja wa ukoo ule kabla ya 1813. Kama vile walidondoka kutoka mbinguni. Nilikwama hapo miezi minane.

NyotaYaKusini · #5

Walikuwa wahamiaji hao. Labda wametoka Uholanzi, si wako ng'ambo ya maji tu?

Mwana wa Kibokoni · #6

Ahsante dada kwa uzi. Huku Mombasa tumetulia twakusoma. Lakini nina swali: hawakuzikwa? Kama kwenye ubatizo hawamo basi makaburini watakuwamo.

BiMuheza wa Norfolk · #7

@NyotaYaKusini hata mimi nilidhani hivyo, mashariki ya nchi hii walikuja Waholanzi wengi zamani. Niliwahi hata kumwambia mume wangu yeye ni Mholanzi, akafurahi wiki nzima.

@Mwana wa Kibokoni, makaburi ya mawe ni ya wenye nacho. Kibarua alizikwa chini ya nyasi. Kuna kitu nilikuta kwenye vitabu vya maziko kitakachokufurahisha: kuanzia miaka ya 1660 sheria iliwalazimisha Waingereza kuzika maiti kwa sanda ya sufu ya kondoo, faini pauni 5, ili wafugaji wao wapate soko! Ndugu wa marehemu alitakiwa ale kiapo. Maskini kabisa na waliokufa kwa tauni walisamehewa. Sheria ilifutwa 1814, ingawa watu walikuwa wameshaacha kuijali siku nyingi.

Sasa, nilivyotoka kwenye tope.

Siku moja namsomea mama mkwe yaliyomo koponi, maana macho yake hayaoni tena mwandiko mdogo. Nikachukua ile karatasi ya vitunguu. Imeandikwa na bibi wa bibi yake, kwa penseli. Kwenye siki ameandika "winegar". Mume wangu alikuwa pembeni, akasema ah, bibi hakwenda shule, amekosea, ni V.

Mimi nikasema ngoja. Mtu asiyekwenda shule hakosei namna hiyo. Asiyekwenda shule anaandika anachokisema. Sisi Waswahili si ndivyo tunavyoandika? Huyu bibi ameandika "wi" kwa sababu kinywani mwake ilikuwa "wi".

Mama mkwe akanyamaza kidogo, kisha akasema bibi yake alikuwa akiwaigiza wazee wa zamani, wanamwita kasisi "wicar" na kijiji "willage". Watu wa Norfolk ya zamani hawakuwa na V mwanzoni mwa neno! Walisema W. Matamshi hayo yalishafutika vinywani, lakini bado yako kwenye maandishi ya penseli.

Na jina la ukoo wa mume wangu, ambalo sitaliandika humu, linaanza na herufi gani? V.

Usiku ule sikulala. Nikafungua kitabu cha Happisburgh nikatafuta kwa W. Saa saba kasoro za usiku nikamkuta: kabatizwa 1798. Na kaka zake. Na baba yake. Na shangazi zake watatu. Ukoo mzima ulikuwa umekaa hapo hapo miaka yote, unanitazama, mimi napita na V yangu. Aliyekuwa anaandika aliandika alivyosikia. Mwaka 1813 vilipoanza vitabu vipya vya kuchapishwa vyenye mistari tayari, akaja kasisi mwingine mwenye sikio la shule, akawasahihisha kuwa V, na wao wenyewe hawakujua, maana hawakujua kusoma. Kwenye ndoa zao wanaweka alama ya X.

Mgosi Mstaafu · #8

Aisee! Hii imenikumbusha marehemu baba. Cheti cha ubatizo kinasema vingine, kadi ya chama vingine, kitambulisho vingine. Tukienda mirathi tunaapa sisi ni watoto wa watu watatu.

Chungu Tatu · #9

Sawa, nakubali. Kumbe na wao wanaandikwa majina kwa sikio la karani. Nimekaa.

NyotaYaKusini · #10

Uholanzi imekufa rasmi. Shem ameambiwa?

BiMuheza wa Norfolk · #11

Ameambiwa. Amesema alishaanza kuipenda timu yao ya mpira.

Sasa nina tatizo, nisaidieni wenye akili. Kwa W nimerudi hadi miaka ya 1730. Lakini kuna mtoto mmoja wa kike amenitoa jasho. Kitabu kinasema kabatizwa Novemba 1742. Maziko: Februari 1742. Jina lile lile, baba yule yule, mama yule yule. Amezikwa miezi tisa kabla ya kubatizwa? Nimefikiri labda walikuwa wawili, wa kwanza akafa, wa pili akapewa jina lake, jambo walilolifanya sana. Lakini ubatizo wa huyo wa kwanza siuoni.

Kapteni_Dunga · #12

Shikamoo wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nilikuwa baharini miaka 26, bandari za Uingereza nazijua, na hilo la tarehe ninalo.

Dada, hakuna watoto wawili. Uingereza zamani mwaka mpya haukuanza Januari. Ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari 1742 ya kitabuni inakuja BAADA ya Novemba 1742. Kwa hesabu yetu ni Februari 1743. Walibadilisha sheria, mwaka 1752 ndio wa kwanza kuanza Januari mosi, na Septemba ya mwaka huo wakaruka siku 11, wakalala tarehe 2 wakaamka tarehe 14.

Mtoto wako alibatizwa, akaishi miezi mitatu.

BiMuheza wa Norfolk · #13

Kapteni, Mungu akuzidishie. Nimerudi kitabuni sasa hivi. Kweli, ukishuka chini ya ule ukurasa, Machi inakatika katikati na mwandishi ameandika 1743 pembeni. Nilikuwa naiona kila siku nikidhani ni uchafu wa wino.

Miezi mitatu. Nilikuwa nimemfanya fumbo, kumbe alikuwa mtoto mchanga tu wa watu.

Kapteni_Dunga · #14

Usijali. Ila na mimi nina langu. Umetaja Happisburgh hujataja Invincible. Kwa watu wa bahari jina la kijiji hicho ni msiba. Umeruka makusudi au hujafika?

BiMuheza wa Norfolk · #15

Nilikuwa nakusubiri mtu kama wewe uje uniulize. Simulia meli, nami nitasimulia makaburi.

Kapteni_Dunga · #16

HMS Invincible, manowari ya mizinga 74, iliyoshushwa majini 1765. Tarehe 16 Machi 1801 ilitoka Yarmouth kuzifuata meli kubwa za Admirali Hyde Parker zilizokuwa zikielekea Baltiki. Huo ndio msafara uliokwenda kupigana Copenhagen tarehe 2 Aprili, Nelson akiwa msaidizi wake, na Nelson naye ni mtoto wa Norfolk. Ndani ya Invincible kulikuwa na watu kama mia sita hivi, na Admirali Totty.

Pwani ile ina mafungu ya mchanga yamelala chini ya maji sambamba na nchi kavu. Kama ulishaendesha chombo mkondo wa Rufiji unaelewa: fungu la leo si la jana. Upepo na mkondo vikaisukuma meli ikapanda fungu la Hammond's Knoll. Milingoti ikakatwa. Ikachomoka, ikaelea, usukani ukang'oka, ikapanda fungu tena. Usiku wote. Chombo kimoja cha wavuvi kutoka Yarmouth, Nancy, kilifika kuokoa. Kesho yake ikazama. Walikufa zaidi ya 400, pamoja na nahodha wake John Rennie.

Na huo mnara wa taa ulikuwa umeshajengwa miaka kumi na moja kabla. Ulijengwa kwa sababu ya dhoruba ya 1789 iliyoua wanamaji kama 600 na meli 70 kwenye pwani hiyo hiyo. Taa ilikuwepo, na meli ikaenda. Taa inakuonyesha ulipo, mkondo haiushiki.

BiMuheza wa Norfolk · #17

Ahsante Kapteni. Sehemu yangu sasa.

Bahari ilikuwa ikitema maiti siku nyingi. Wanakijiji walizikusanya kwa mikokoteni wakazipeleka uwanja wa kanisa, upande wa kaskazini, na kuzitia kwenye shimo moja. Watu 119. Karne ilipopita pakawa nyasi, watu wakajua kwa masimulizi tu kwamba wako "mahali fulani pale". Mwaka 1988 wakichimba mfereji wa kutoa maji kanisani wakakuta mifupa. Mwaka 1998 pakawekwa jiwe la kumbukumbu, na mabaharia wa Invincible mpya, ile manowari ya kubeba ndege, wakahudhuria.

Nilisimama pale. Nilichokiwaza ni hesabu. Yule mzee wangu wa sensa alibatizwa 1798, kwa hiyo Machi 1801 alikuwa na miaka miwili na ushee. Baba yake alikuwa kibarua wa shambani pale pale. Mkokoteni ulikuwa unaendeshwa na nani kama si vibarua wa shambani? Mume wangu anataka tuandike kwenye mti wa ukoo kwamba babu alizika mabaharia. Nimekataa. Sina karatasi. Nimeandika tu: "alikuwepo kijijini mwezi huo." Tuligombana kidogo, na bado nashikilia.

Cha kustaajabisha ni hiki. Kibarua asiyejua kusoma nimemkuta, kabatizwa, kaoa, kazaa, kazikwa, tarehe zote. Mabaharia wa mfalme wamelala kwenye jumla.

Mwana wa Kibokoni · #18

Mungu awarehemu wote. Huku kwetu maiti wa bahari huzikwa ufuoni pale alipotokea, na wazee hawataki papitwe hivi hivi.

Dada, na wale wanawake? Umesema watoto wasio na baba ni mzigo wa parokia.

BiMuheza wa Norfolk · #19

Umegusa. Niliwakuta wawili kwenye ukoo. Utaratibu ulikuwa hivi: msichana akipata mimba bila ndoa, wakubwa wa parokia wanamhoji chini ya kiapo amtaje mwanamume. Wakimpata, wanamtia sahihi mkataba kwamba atalipa matunzo, ili mtoto asiliwe na kodi ya maskini. Hawakuwa na uchungu na msichana, walikuwa na uchungu na mfuko wao! Na kama mama hakuwa mwenyeji kisheria, walimsafirisha na tumbo lake akazalie kwao, kwa sheria ya 1662. Kuanzia 1785 maskini wa wilaya ile walikuwa wanapelekwa nyumba kubwa ya kazi kule Smallburgh, mume, mke na watoto chini ya paa la jamii.

Mmoja wa hao wawili ndiye bibi wa moja kwa moja wa watoto wangu. Kijana wangu ameuliza: kwa hiyo sisi ni haramu? Nikamwambia wewe ni matunzo yaliyolipwa.

Mgosi Mstaafu · #20

Hahahaa! "Matunzo yaliyolipwa." Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuchungulia.

Turudi kwenye bahari. Mimi ni wa Pangani. Kisiwa cha Maziwe nilikikuta baba zetu wakisimulia miti yake, kasa wanakuja kutaga. Sasa ni fungu la mchanga, maji yakijaa hakionekani. Hicho kijiji kimebaki kiasi gani?

BiMuheza wa Norfolk · #21

Mzee wangu, naomba utulie hapa.

Kulikuwa na kijiji jirani kinaitwa Whimpwell, kimo kwenye kile kitabu cha 1086. Kimeliwa chote, limebaki jina kwenye kipande cha barabara. Upande wa kusini kulikuwa na Eccles. Dhoruba ya Januari 1604 iliisomba, waliobaki wakaandika kuomba wapunguziwe kodi kwa kuwa ardhi yenyewe haipo. Mnara wa kanisa lao ulibaki peke yake ufuoni karibu miaka mia tatu, watoto wanacheza chini yake, ukaanguka Januari 1895. Dhoruba kali zikifagia mchanga, makaburi ya Eccles yalikuwa yanafunuka, mifupa imelala chali kama ilivyolazwa.

Happisburgh yenyewe: baada ya mafuriko ya usiku wa 31 Januari 1953, yaliyoua watu 307 Uingereza, saba kati yao hapo Sea Palling, serikali ilipiga kuta za mbao mbele ya genge. Mbao zikazeeka. Dhoruba za miaka ya 1990 mwanzoni zikavunja, sehemu nyingine wakaziondoa kwa kuwa zimekuwa hatari, na hesabu ikafanywa ofisini kwamba kijiji hakina thamani ya kutosha kujengewa ukuta mpya. Wanakijiji walichanga fedha wakanunua mawe. Zaidi ya nyumba 30 zimeondoka. Mwaka 2012 nyumba 9 za Beach Road zilinunuliwa kwa fedha ya serikali na kubomolewa kabla bahari haijazifikia. Kwa maoni yangu ule mpango ulikuwa wa maana kuliko ahadi zote za kabla yake, ingawa mwenye nyumba hatakwambia hivyo.

Ila kuna jambo moja bahari ililolitoa. Mei 2013, maji yalipofagia mchanga, zikaonekana nyayo za watu kwenye udongo mgumu wa kale, zipatazo 50, wakubwa na watoto. Zina kati ya miaka 850,000 na 950,000. Hakuna nyayo za kale kuliko hizo nje ya Afrika. Wiki mbili tu zikasombwa, waliwahi kupiga picha na kupima mvua ikinyesha.

Chungu Tatu · #22

NJE YA AFRIKA. Rudieni tena polepole. Nyayo za Laetoli yetu pale Ngorongoro zina miaka milioni tatu na nusu na zaidi. Kwa hiyo nyie mkitafuta babu wa kweli wa Norfolk mnarudi huku huku.

BiMuheza wa Norfolk · #23

Nilijua utalipenda hilo, mdogo wangu. Mume wangu naye nimemwambia: ulihama kwetu ukasahau kupiga simu.

Nimalizie la nyumba. Baada ya sheria ya 1836 ya kubadili zaka ya mazao kuwa fedha, parokia nyingi zilichorewa ramani kubwa, kila kipande na namba yake, na daftari linasema mwenye ardhi nani, anayekaa nani, ukubwa gani. Yule mzee wangu wa sensa yumo kama mkaaji: nyumba na bustani, chini ya robo eka, mali ya mtu mwingine. Nikaichukua ile ramani nikailinganisha na ramani za kale ambazo maktaba ya taifa ya Scotland imeweka mtandaoni bure, unaweza kuiweka ya zamani juu ya picha ya leo ya angani. Nikapata mahali pake hasa.

Tukaenda Jumapili, mimi, mume, watoto, na mama mkwe akabaki garini na blanketi. Nikafuata kialama kwenye simu. Tukatembea mpaka kwenye kamba ya onyo, kialama bado kiko mbele. Nikamwonyesha mume wangu kidole majini, mbali kidogo, wimbi linapoanza kukunjika. Nikamwambia mlango ulikuwa pale.

Hakusema kitu. Mtoto mdogo akauliza kama kulikuwa na choo.

Tuliporudi garini mama mkwe akataka kujua tumeona nini. Nikamwambia tumeona kwao. Akaniomba nimtajie wale wa kitabuni, mmoja mmoja, lakini kwa W, kama walivyokuwa wakijiita. Nikamtajia. Akawa anarudia nyuma yangu kwa sauti ndogo, kama mtu anayefundishwa sala.

Mwana wa Kibokoni · #24

Dada umeniliza mchana kweupe niko dukani na wateja.

NyotaYaKusini · #25

Swali la vitendo: sisi huku tunaanzia wapi? Wamisionari walibatiza watu, vitabu viko?

BiMuheza wa Norfolk · #26

Wapo walioandika sana. Misheni ya Bagamoyo ni ya 1868, wale wa Magila kwetu Muheza walikuwa na vitabu vyao vya Kianglikana. Nenda parokiani kwa adabu, na barua, na muda. Lakini kabla ya vitabu nenda kwa shangazi mwenye mchele, umrekodi kwa simu. Na ukifungua kitabu, soma jina kwa sauti. Mmisionari Mzungu aliandika jina la babu yako alivyolisikia, kama karani wa Happisburgh.

Kapteni_Dunga · #27

Mrejesho unaofuata lini? Usituache kwenye maji makuu.

BiMuheza wa Norfolk · #28

Jumamosi hii tunakwenda kupiga picha mawe ya makaburi ya upande wa kusini kabla chumvi haijamaliza maandishi. Tumejigawia mistari. Kijana wangu mkubwa ana brashi laini na ndoo. Nimeangalia jedwali, maji yanajaa saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi tutashuka ufuoni kwanza, kisha tupande kanisani. Mama mkwe amesema safari hii hakai garini.